Kabla ya Kumwita Jirani "Mnyarwanda": Ya Kufanya na ya Kutofanya Karagwe na Kyerwa

Mlalamikaji akifika baraza la kata husema amekuja kwa mgogoro wa mpaka. Ng'ombe wameingia kwenye migomba, mti wa alama umeng'olewa, kahawa imechumwa upande usio wake. Mwache aongee. Kabla karani hajamaliza kuandika tarehe, utamsikia anashusha sauti: "Halafu mjue, yule ni Mnyarwanda." Kesi yenyewe ndiyo hiyo. Ng'ombe walikuwa utangulizi.

Nilisikiliza kesi hizi Karagwe ikiwa bado wilaya moja, nikaendelea kuzisikiliza baada ya Kyerwa kumegwa mwaka 2012. Wilaya iligawanywa, tusi likabaki moja. Sitakufundisha tusi ni nini. Unalijua, ndiyo maana hulisemi mbele ya padri. Ninachokuandikia hapa ni visingizio, kwa sababu visingizio ndivyo vinavyoniletea kazi.

FANYA: Pima neno kwa hasara linayoleta
USIFANYE: Usilipime kwa kicheko

Mhaya akiitwa "nshomile", yaani msomi wa kujisifu, Dar es Salaam anacheka, tena anajivuna kidogo. Akimaliza kucheka anarudi nyumbani kwake, na nyumba bado ni yake. Mchaga anaambiwa anapenda hela, kesho yake anafungua duka kama kawaida. Maneno hayo yana ukorofi wake, lakini hayana askari nyuma yake.

Sasa njoo kijiji cha mpakani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Ardhi ya kijiji ni ya wananchi. Kwa hiyo ukimvua mtu uraia kwa mdomo, umeanza kumvua kibanja, migomba aliyoipanda baba yake, malisho na kaburi la mama yake lililo nyuma ya nyumba. Anayelisema neno hilo kwenye mgogoro wa shamba anajua analifanyia nini. Sijawahi kuona mtu akimwita hivyo jirani asiye na kitu.

Mfanyabiashara kutoka Kigali akiegesha lori lake Omurushaka na ukamwita Mnyarwanda, hujamkosea. Ndiye. Atakuonyesha pasipoti. Kosa ni kumwita hivyo mtu aliyezaliwa zahanati ya hapa, akasoma shule ya msingi ya hapa, na mwaka jana alichangia dawati. Usijifanye huoni tofauti.

Na usiniambie "tunataniana tu". Utani nimekulia ndani yake. Mtani wako anakuzomea msibani, na huyo huyo anachota maji na kusimamia shughuli. Wewe kesho unamzomea yeye. Sasa tazama benchi la kilabu. Umemwita mwenzako Mnyarwanda, na kwenye benchi hilo amekaa mjumbe wa serikali ya kijiji. Mwenzako anacheka. Anaagiza rubisi ya raundi nzima, halafu anaondoka mapema. Utani gani huo ambao bili hulipwa na upande mmoja kila siku?

FANYA: Mjue mtu kwa kibanja chake na neno lake
USIFANYE: Usisome pua

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ujinga huu tunadhani ni hekima ya wazee. Si ya wazee wetu.

Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe akitafuta chanzo cha mto Nile. Mfalme Rumanyika alimpokea vizuri huko Bweranyange. Akalishwa, akapewa mahali pa kulala, akaongea na mfalme siku nyingi. Alimpima hata shemeji ya mfalme kwa utepe, mkono, kifua na paja, kama mtu anayenunua godoro, lakini adabu yake hiyo niiache kwa leo. Aliporudi kwao akachapisha kitabu mwaka 1863. Humo alieleza kwamba Wahima na watawala wa nchi hizi za maziwa si wenyeji. Ni uzao wa washindi waliotoka Uhabeshi na kuja kuwatawala wakulima weusi. Hakuwa na ushahidi wowote wa maana. Alikuwa na pua na urefu, basi.

Kitabu kile kilisomwa. Wakoloni walioitawala Rwanda waliipenda hoja hiyo, wakaijengea shule na utawala. Miaka ya 1930 Wabelgiji wakatoa vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa, na mtoto akarithi cha baba yake. Tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama kwenye mkutano wa hadhara Kabaya, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, akasema kwao Watutsi ni Ethiopia, na kwamba watarudishwa huko kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo.

Tazama ramani. Nyabarongo inaingia Kagera. Kagera inapita Rusumo, inapanda kaskazini ikiwa mpaka wetu na Rwanda, Karagwe kisha Kyerwa, inageuka mashariki, inapita Murongo na kushuka hadi Ziwa Victoria. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu wa vijiji vya mtoni waliyaona matokeo ya hotuba ile yakipita, mengine yamefungwa mikono kwa nyuma. Wavuvi wa Kasensero, upande wa Uganda, ndio waliobaki na kazi ya kuwatoa maiti ziwani. Watu wakaacha kula samaki. Mugesera alihukumiwa kifungo cha maisha nchini Rwanda mwaka 2016.

Somo lilitoka kwenye baraza la mfalme wetu, likarudi kwetu kwa maji baada ya miaka 133. Kwa hiyo kijana akiniambia, "Mama, mimi hawa nawajua kwa kuwatazama tu," namwambia akae chini. Humjui mtu kwa kumtazama. Wanyambo warefu wapo. Wahaya wenye pua nyembamba wapo. Kuna familia hapa zina sura hizo zote kwenye meza moja ya chakula.

Na usijitoe kwa sababu wewe ni Mnyambo halisi. Sisi wenyewe tuna Wahima na Wairu wetu. Ukimwita mtu "mwiru" kwa dharau kwa kuwa ukoo wake haukuwa na ng'ombe, au ukamwita mwingine "mhima" kumaanisha asiyejua kushika jembe, unasoma kitabu kilekile cha Speke. Tofauti ni kwamba wewe hata hukulipwa.

FANYA: Mlipe kibarua ujira wake siku mliyopatana
USIFANYE: Usigundue uraia wake siku ya malipo

Wakati wa palizi ni "vijana wangu". Wamelala stoo kwako, wamekula ndizi zako, umewatuma dukani na kuwaamini na chenji. Kahawa ikishachumwa na kuanikwa unakumbuka ghafla kwamba wametoka Burundi, au Rwanda, au wamevuka kutoka Kikagati, Uganda. Simu inapigwa. Gari linakuja, linaondoka nao, na hela inabaki mfukoni mwako.

Huo ni wizi. Usiupambe kwa uzalendo. Kama hawana kibali, wewe uliyewaajiri ulivunja sheria siku ya kwanza ya kazi, na uliivunja ukijua. Nimewahi kumuuliza mkulima mmoja mbona hakuliona kosa lao mwezi Machi. Akanitazama tu.

Mkulima huyohuyo ndiye anayelia kila msimu kuhusu butura: mnunuzi anakuja kahawa ingali ua mtini, anampa hela kidogo wakati wa njaa, na mavuno yakija anabeba magunia. Anasema anaonewa kwa sababu ya shida zake. Ni kweli, anaonewa. Basi anajua inavyouma mtu akitumia shida yako kukunyima jasho lako. Afanye hesabu mwenyewe.

FANYA: Kazi ya Uhamiaji waachie Uhamiaji
USIFANYE: Usigeuze chuki yako kuwa taarifa ya kiusalama

Mwezi Julai 2013, akiwa ziarani mkoani kwetu, Rais Jakaya Kikwete aliwapa wahamiaji haramu wiki mbili waondoke. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Nchi ina haki ya kulinda mpaka wake, na ujambazi wa barabarani ulikuwapo kweli. Silaha zilikuwapo kweli. Hilo silibishi.

Ninachokijua ni kilichotokea vijijini. Mwenye deni alimtaja anayemdai. Aliyekosa mke alimtaja aliyempata. Ndugu wa baba mmoja walitajana kwa ajili ya shamba la urithi. Maelfu walivuka Rusumo, wengi wakaishia kambi ya Kiyanzi wilayani Kirehe, na miongoni mwao walikuwamo watu waliosema wamezaliwa Tanzania na hawana wanayemjua upande ule. Mume alibaki huku, mke akaenda kule. Ng'ombe waliuzwa kwa bei ya mbuzi kwa sababu mwenye ng'ombe hakuwa na siku ya pili ya kusubiri. Wanunuzi hawakutoka mbali.

Watu wanasahau kwamba mwaka 1980 serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa uraia maelfu ya wakimbizi wa Kinyarwanda waliokuwa wameingia tangu machafuko ya 1959. Walikula kiapo. Walipewa karatasi. Mwalimu alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa namna nchi hii ilivyowatendea wakimbizi. Wajukuu wa watu hao ndio leo wanaambiwa "rudini kwenu" na vijana waliozaliwa baada yao. Na kabla ya hapo mpaka wenyewe ulishachezewa: Gisaka, ng'ambo ya mto, ilikuwa chini ya Waingereza wa Tanganyika hadi miaka ya 1920, ndipo ikarudishwa upande wa Rwanda. Familia zilikuwa pande zote mbili kabla ya wino.

Ukidhani neno hili linawagusa wafugaji maskini peke yao, soma magazeti ya Februari 2001. Serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu, mhariri na mbunge wa zamani, si raia. Pamoja naye alitajwa mwenyekiti wa CCM wa mkoa huuhuu wa Kagera. Kama mwenyekiti wa chama tawala anaweza kuamka asubuhi akaambiwa si wa hapa, wewe mwenye kadi ya kliniki iliyoliwa na mchwa unajisifia nini?

Na hata dola yenyewe ina mipaka. Mwaka 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa hukumu katika kesi ya Anudo Ochieng Anudo. Alinyang'anywa pasipoti, akasukumwa Kenya, Kenya wakamrudisha, akabaki katikati ya nchi mbili pasipo na mwenyewe. Mahakama ilisema serikali iliyokwisha kumtambua mtu kuwa raia wake ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba si raia. Yaani mzigo wa ushahidi ni wa anayekana. Kama serikali yenye majalada na maofisa inaambiwa ilete ushahidi, wewe wa kijiweni umeuleta wapi?

Unamjua mtu ameingia na silaha, anaiba ng'ombe, anateka magari? Toa taarifa, na utaje silaha, ng'ombe na magari. Kabila lake acha. Taarifa yenye kosa ndani yake inafanyiwa kazi bila hilo. Isiyo na kosa lolote ndani yake isipokuwa kabila, ichane.

FANYA: Kiongozi, andika unachokijua
USIFANYE: Usiandike "asili yake"

Nasema na wenyeviti wa vitongoji na vijiji, na watendaji, kwa sababu barua zenu ndizo zinazomaliza watu. Mwananchi anataka namba ya NIDA, anakuja kwako akuombe utambulisho. Unaandika: "Namfahamu, ni mkazi wangu, ila asili yake ni Rwanda." Hukuulizwa asili. Mwenzake aliyetangulia, mjukuu wa Mganda, hukumwandikia asili. Yule mwingine ambaye babu yake alitoka Kigezi hukumwandikia, kwa sababu mnasali pamoja. Maneno hayo manne yatamzungusha mtu ofisi hadi ofisi miaka, hatapata laini ya simu wala mkopo, na mwanawe atakwama kwenye maombi ya chuo. Andika amezaliwa wapi kama unajua. Andika wazazi wake ni nani na wameishi hapa tangu lini. Weka muhuri. Nyamaza.

Mkiwa na mkutano mkuu wa kijiji, usiruhusu mtu asimame aseme "hawa wageni". Mkatishe hapohapo umuulize anamtaja nani na kwa kosa gani. Akishindwa kutaja, akae. Nimeona mikutano iliyopotea kwa sababu mwenyekiti alidhani akinyamaza ataonekana hana upande. Alikuwa na upande.

Nanyi wa kampeni. Mwaka mzima yule ni Mnyarwanda, wiki ya uchaguzi anakuwa "ndugu mpiga kura", na akichukua fomu ya kugombea mnamwekea pingamizi la uraia. Mnaona aibu au hamuoni? Wakenya walijifunza kwa damu. Aprili 2022 tume yao ya uwiano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya kuchunga kabla ya uchaguzi, na "madoadoa" ilikuwamo, neno linalosikika la kawaida hadi ujue kwamba huko Bonde la Ufa lilitumiwa kuwataja majirani wa kuondolewa.

Mwenye spika ya kukodi naye asikilize. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki mashuhuri Rwanda. Alishtakiwa Arusha, na watu walidhani nyimbo zake ndizo zitakazomfunga. Desemba 2008 alitiwa hatiani kwa maneno ya uchochezi aliyoyatangaza barabarani kwa kipaza sauti cha gari mwezi Juni 1994. Miaka 15. Unaponipigia kelele kwamba wewe ni mtangazaji tu wa mnada na uliyoyasema ni kuchangamsha watu, mimi namkumbuka huyo.

FANYA: Mwachie mwenye jina jina lake
USIFANYE: Usiazime lisilo lako

"Mbona wenyewe wanaitana?" Naulizwa kila mara, na anayeuliza huwa anadhani amenikamata.

Ndiyo, wanaitana. Mke anamtania mumewe jikoni. Ndugu wanachekana kwa lafudhi ya bibi yao. Walioonja neno moja wana haki ya kulichezea, kwa sababu likigeuka linawapiga wote. Wewe halikupigi. Ulichokisikia jikoni kwa watu huna ruhusa ya kukipeleka mnadani.

Na mtu akikwambia hataki kuitwa hivyo, basi. Ng'ambo ya Murongo, Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inawataja Banyarwanda miongoni mwa jamii za nchi hiyo. Hata hivyo baadhi yao, waliochoka kuambiwa wageni kila wanapoomba pasipoti, wamekuwa wakitaka waitwe Abavandimwe. Wengine wao hawalitaki jina hilo. Si kazi yako kuwaamulia. Kazi yako ni kuuliza na kutumia. Kama huna hakika, jina la mtu lipo, na heshima ya Ta na Ma ipo tangu zamani: mwite Ta au Ma, halafu jina lake.

Vijana wa bodaboda wanaoitana "niga" kwa sababu ya nyimbo za Marekani: hapa Kayanga neno hilo halimwondoi mtu kwenye shamba, kwa hiyo sina nguvu nalo sana. Lakini lilikuwa neno la mnada wa watu. Siku mgeni mweupe akiwaita hivyo mtataka kumpiga, na nitawauliza alilijifunzia wapi.

FANYA: Kagua midomo yenu wenyewe
USIFANYE: Usidhani kutukanwa kumekupa leseni

Mnyambo aliyesoma Bukoba anakumbuka alivyochekwa kwa Runyambo yake, alivyoitwa mshamba wa Karagwe. Ataisimulia habari hiyo hadi uzeeni. Akifika Kaisho anamwita Mkiga "mtu wa milimani asiyeoga". Mkiga akipata baa anamcheka Msukuma aliyekuja na ng'ombe. Msukuma anamcheka Mrundi. Na Mrundi, waitu, naye ana wake. Mabinti wa Kihaya wamebebeshwa sifa ya umalaya kwenye miji ya nchi hii tangu ukoloni, na bado nasikia mama wa Kihaya akisema wasichana wa Kinyarwanda ni wachawi wa waume za watu. Mama, wewe?

"Ponjoro" na "gabachori" kwa Wahindi: acha. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90, na kelele za mitaani zilikuwa zimetangulia. Duka likifungwa hapa nawe utafuata sukari mbali.

"Zeruzeru": acha leo. "Dili" ni mbaya zaidi. Mwezi Mei 2024, Muleba, jirani zetu hapo, mtoto wa miaka miwili na nusu mwenye ualbino aliporwa mikononi mwa mama yake, na Juni mwili wake ukapatikana bila baadhi ya viungo. Ukimwita mtu dili unamtangazia bei. Sema mtu mwenye ualbino. Ni maneno matatu, mdomo wako utayaweza.

Kwenye simu usitume kabisa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, vifungu vya 17 na 18, inataja chapisho na matusi ya kibaguzi. "Nimeforwadi tu" haimo katika sheria hiyo. Na mdomoni pia kuna kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu, lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani. Wengi mnakifahamu kwa sababu ya ugomvi wa kilabuni. Kinafanya kazi hata kwa tusi la kabila.

FANYA: Uliyetukanwa, hifadhi ushahidi
USIFANYE: Usijibu kwa tusi, na usijifiche

Andika siku, mahali, maneno yenyewe na waliokuwapo. Andika siku hiyohiyo. Baada ya wiki mashahidi wanakuwa na mkwe upande wa pili. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, ukishindwa njoo baraza la kata, ukitishiwa nenda polisi moja kwa moja. Usije kwangu na jicho limevimba na tusi lako mwenyewe lenye mashahidi wengi kuliko lake. Nitalazimika kuandika yote mawili.

Weka karatasi zako pamoja, kwenye mfuko wa plastiki, mbali na mchwa: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha kumaliza darasa la saba, risiti za chama cha ushirika za kahawa ya baba yako, cheti cha kuzaliwa cha RITA, hati ya kimila ya shamba. Kama babu yako alipewa uraia mwaka 1980, tafuta karatasi yake na utembee kifua mbele nayo. Nimeona familia zilizoichoma kwa kuogopa kwamba inathibitisha walitoka Rwanda. Inathibitisha kwamba ni raia. Mmechoma silaha yenu wenyewe.

Usimpe mtu hongo ili asikuite. Ukilipa mara ya kwanza umepanga kodi ya mwezi.

FANYA: Ukikosa, omba radhi palepale ulipokosea
USIFANYE: Usije usiku na soda

Ulimtukana mnadani, asubuhi, watu wamejaa. Halafu unagonga mlango wake saa tatu usiku na soda mbili unasema "yaishe". Hayaishi. Walioisikia ile ya mnadani hawakuisikia hii. Wiki ijayo mnada ukijaa, simama palepale useme kwamba ulisema uongo juu ya fulani, kwamba ni mwenzenu, na kwamba ulikuwa unagombea mpaka wa shamba. Sema na hilo la shamba. Ndilo watakalolikumbuka.

Kama kwa neno lako alikimbiza ng'ombe kwa ndugu zake, gharama ya kuwarudisha ni yako: wachungaji, chakula, na waliokufa njiani. Mkadirie mbele ya mwenyekiti, kiandikwe kiasi, na wote mtie saini. Nakala moja ibaki kwake, moja kwako, moja iletwe baraza la kata kabla ya mwisho wa mwezi.